Maji ya Ng'ambo ya Korongo

Asubuhi ile niliondoka Mbulu mjini bila kumuaga mtu, kwa kuwa hapakuwa na wa kumuaga. Nilikuwa nimekaa pale miezi kadhaa nikibeba zege kwenye ujenzi wa maduka. Ukuta wa mwisho ulipopigwa lipu, mafundi walirudi kwao. Mimi nilikunja blanketi, nikatia sufuria yangu kwenye mfuko wa salfeti, nikatoka kwenye ukungu. Stendi palikuwa na lori lililopakia magunia matupu, linaelekea upande wa Haydom. Dereva aliniuliza nashukia wapi. Nikamwambia nitashuka atakaposhusha magunia. Alinitazama kidogo, kisha akanionyesha kwa kidevu nipande nyuma.

Niliacha shule darasa la tano, huko upande wa Singida, mwaka ambao mama alifariki. Tangu hapo nimekaa sehemu nyingi na sijakaa popote. Kitu ambacho sikukiacha shuleni ni maswali. Nikiona mtu anachimba, nitasimama nijue anachimba nini. Nikiona njia, nataka kuona inaishia wapi. Tabia hiyo imenipa kazi mara nyingi, na mara nyingine imenifukuzisha.

Magunia yalishushwa Maretadu, na yalikuwa ya maharage, maana ndiyo yalikuwa majira yake. Nikaulizia kibarua. Nikapelekwa kwa bibi mmoja mjane, mzee wa kanisa, mwenye shamba lililoanzia uani kwake likateremka hadi kwenye korongo. Alitazama viatu vyangu kabla ya uso wangu, akauliza kama naweza kuamka mapema. Nilisema naweza. Akanipa kona kwenye ghala la mahindi, juu ya viroba, na usiku huo nilisikia panya wakiendelea na shughuli zao kama vile sipo.

Sababu ya kuamka mapema niliijua kesho yake. Maharage yaliyokauka hung'olewa alfajiri, yakiwa na umande, kwa sababu umande hulainisha ganda. Jua likishapanda, ukigusa shina tu ganda linapasuka, mbegu zinarukia ardhini, na mkononi unabaki na majani. Wanawake wa jirani walivuna kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba ndiye aliyepika makande. Mmoja wao, mrefu, mwenye pengo, ndiye aliyewachekesha wenzake. Aliona nilivyoshika mashina kwa nguvu, akaniambia, "Mgeni, hayo ni maharage, siyo kuku. Usiyanyonge."

Wote wakacheka, hata bibi. Halafu wakaendelea kuongea kwa Kiiraqw, na kila walipocheka nami nilicheka, nikichelewa kidogo, nisionekane niko peke yangu.

Ng'ambo ya korongo kulikuwa na shamba dogo na nyumba ya bati. Maharage ya pale yalikuwa yamekauka kuliko yetu, yamekuwa ya rangi ya kahawia, na hakuna aliyekwenda kuyavuna. Nililiona mara ya kwanza nikadhani mwenyewe amesafiri. Siku iliyofuata nikaona moshi. Niliuliza zamu ya pale ni lini. Yule mwenye pengo akainama, akafunga kamba ya mzigo ambao ulikuwa umeshafungwa.

Kulikuwa na njia ya kuvuka kwenda huko. Ilionekana wazi kwamba zamani ilikanyagwa sana, lakini sasa majani yalikuwa yameota katikati, yamefika magotini. Jioni, kazi ilipokwisha, niliifuata.

Nilimkuta mwanamke kijana akiokota maharage ardhini, moja moja, anayatia kwenye bakuli. Aliponiona alisimama na kuniambia nisisogee. Nilifikiri ananiogopa kama wanawake wengi wanavyomwogopa mwanamume wasiyemjua, kwa hiyo nilisimama mbali, nikamwamkia, nikasema mimi ni kibarua wa ng'ambo. Sikujua nimwite nani. Kule mwanamke mwenye umri wake huitwa mama wa fulani, na sikuona mtoto. Nilimwita dada. Nikamwomba maji.

Aliangalia kwanza upande wa shamba la bibi. Kisha akaingia ndani, akatoka na bakuli la maji, akaliweka chini katikati yetu, akarudi nyuma. Nilikunywa. Alinitazama mpaka nilipomaliza, na nilipomrudishia bakuli alilipokea kwa mikono miwili.

Nilimwambia maharage yake yatamwagika yote. Akasema anajua. Mume alikuwa machimboni, chakula cha mwaka mzima kilikuwa kwenye lile shamba, na mikono ilikuwa yake miwili tu. Kila siku jua lilimwahi kabla hajafika hata robo.

Alfajiri iliyofuata nilivuka korongo gizani, nikang'oa naye mistari michache, kisha nikakimbilia kazini kwangu. Nilifika suruali imelowa mpaka mapajani. Nikachukua kata iliyokuwa ikielea kwenye pipa la maji, nikanywa, nikairudisha. Wanawake walikuwa wamesimama wanatazama ng'ambo. Jua lilikuwa linatoka, na kwenye yale majani ya njia umande ulikuwa umefutika mstari mmoja, kutoka nyumba ile mpaka miguuni pangu.

Yule mwenye pengo aliniuliza nimepita wapi. Nilimwambia, tena kwa majivuno kidogo. Nikasema pia kwamba jana nilipewa maji pale.

Hakuna aliyenitukana. Mmoja wao alilisogelea pipa, akaliinamisha, akamwaga maji yote chini.

Jioni bibi alinieleza. Mtoto wa yule mwanamke, wa pekee, aliyekuwa bado ananyonya, alifariki kabla ya mvua kwisha. Kwa desturi ya wazee, nyumba iliyofiwa namna ile hukaa pembeni kwa msimu mzima. Wa humo hawaingii kwa watu, hawali wala kunywa na watu, na chombo chao hakiguswi, kifo kisije kikafuata chombo. Bibi alisema kanisani mambo hayo wameyakataa, na wengi wameyaacha. Lakini anapokuwepo mtoto mchanga ndani, mtu hukumbuka alichoambiwa na mama yake.

"Hukujua," aliniambia. "Asiyejua hatumchukii. Ila utakula peke yako."

Akanipa kikombe cha bati kiwe changu.

Nilikula nyuma ya ghala, nikisikiliza vicheko upande wa pili wa ukuta wa miti. Peke yangu nilishazoea. Barabarani mtu anakuwa peke yake kwa sababu hajulikani, na hilo halina uchungu sana. Pale nilikuwa najulikana. Sahani yangu iliwekwa chini, aliyeileta akarudi nyuma, nami nikakumbuka lile bakuli na jinsi lilivyopokewa kwa mikono miwili.

Niliendelea kuvuka korongo kila alfajiri, kwa kuwa sasa sikuwa na cha kupoteza. Hatukuongea sana. Aling'oa mstari wake, nikang'oa wangu, na jua lilipopanda tuliyasikia maganda yakipasuka upande ambao hatujafika. Sauti ile ni ndogo, kama kuni zinazoanza kushika moto. Kila iliposikika alinyanyua kichwa.

Jumapili nilikaa kwenye benchi la mwisho kanisani. Bibi ndiye aliyeongoza maombi, na aliwaombea wasafiri, wagonjwa na wafiwa. Wakati wa kurudi nilitembea nyuma yake hatua kadhaa, kama nilivyotakiwa. Nikamuuliza, maana swali likishanipanda haliwezi kushuka, kama yule wa ng'ambo yumo kati ya wafiwa aliowaombea.

Alihamishia Biblia kwapa la pili. Kisha akasema walimpelekea unga, tena mwingi, na mafuta.

Nikauliza waliupeleka mpaka wapi.

"Pale njia inapoanzia," akasema. "Aliuchukua mwenyewe."

Kesho yake tulikuwa katikati ya mstari, umande bado mzito, nilipomwona bibi anashuka korongoni. Alikuja taratibu kwa sababu ya magoti, ameshika majani ya njia kama mtu anayeshika ukuta. Nyuma yake, mbali kidogo, walikuwa wale wanawake. Hakuingia shambani. Alikwenda moja kwa moja mlangoni, akasimama, akamwita yule mwanamke. Hakumwita dada, wala mama tu. Alimwita mama wa fulani, akalitaja jina la mtoto, jina ambalo mimi sikuwa nimelisikia hata mara moja.

Mwanamke aliacha mashina yaanguke.

"Naomba maji," bibi akasema.

"Kwangu, bibi?"

"Kwako."

Bakuli likaletwa. Safari hii halikuwekwa chini, kwa sababu bibi alikuwa ameshanyoosha mikono. Alikunywa yote. Nami nilijua kwamba nyumbani kwake kulikuwa na mjukuu anayeanza kutambaa. Akajifuta mdomo kwa kanga, akawageukia wenzake.

"Unga ulikuwa rahisi," akasema. "Hii ndiyo ilikuwa ngumu."

Wengine waliingia shambani. Wengine waligeuka wakarudi. Yule mwenye pengo alisimama mpakani, akasema yeye atapokea mizigo hapo hapo, ana kichanga nyumbani. Hakuna aliyemlaumu. Alipokea mizigo asubuhi nzima bila kuvuka, na nilipompa mzigo uliofungwa vibaya aliniuliza kama bado nanyonga kuku.

Sehemu kubwa ya shamba ilikuwa imeshamwagika. Kilichobaki kilitosha kumfikisha msimu mwingine, kama angebana. Alasiri tulipura kwenye turubai, upepo ukatusaidia kupepeta, na wanawake wakaanza kuongea naye kwa lugha yao. Kuna kitu alisema, wakacheka, naye akacheka, kisha akalia, nao wakamwachia alie. Nilisimama na fimbo yangu ya kupuria. Sikuelewa hata neno, na hapakuwa na haja ya mtu kunitafsiria.

Baada ya siku chache njia ilikuwa imekanyagwa tena. Mavuno yalikuwa yamekwisha, na kwenye zamu zao yangu haikuwepo. Bibi alinilipa, akaniwekea mkono kichwani, akaniombea safari njema. Nilipomrudishia kikombe alikataa, akasema ni changu.

Nilifika Katesh jioni, juu ya lori la ng'ombe lililopitia Basotu. Ilikuwa siku ya mnada na mlima Hanang ulikuwa umejifunika mawingu mpaka kiunoni. Nyumba za wageni zilikuwa zimejaa wafanyabiashara wa mbuzi. Mama wa nyumba ya mwisho alisema ana kitanda kimoja, lakini chumba ni cha vitanda viwili. Kwenye kingine yupo mzee mfugaji kutoka bondeni, mkewe amelazwa, hajui Kiswahili sana. Wateja waliotangulia walichungulia wakakataa.

"Ni mtulivu," alisema. "Wanasema ananuka moshi na maziwa."

Nilimwambia mimi nanuka lori la ng'ombe, na mzee huyo ndiye angepaswa kuulizwa.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejifunga shuka, fimbo magotini, kibuyu kando ya mguu. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akaiegemeza fimbo yake ukutani ili nipite. Halafu akarudi kutazama mlango, kama mtu aliyekwisha kuona wengi wakiingia na kutoka.

Niliweka mfuko wangu chini. Kikombe cha bibi kilikuwa ndani, juu kabisa, nakiona. Nilikiacha humo, nikaketi kumwelekea.

"Mzee," nikasema, nikionyesha kibuyu, "naomba maji."