Kibuyu cha Baruti Nilichokiosha kama Sotet

Kosa langu la kwanza katika kukusanya silaha za kale lilikuwa kuosha kibuyu cha baruti jinsi nyanya yangu alivyoosha kibuyu cha maziwa. Nalitaja mapema ili usije ukadhani unamsoma mtaalamu.

Sotet, kibuyu chetu cha mursik, yaani maziwa ya mgando, haisafishwi kwa maji tu. Ukishaisugua ndani, unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakitumbukiza humo na kukiponda huku moshi ukipanda. Maziwa utakayoweka yatakaa siku nyingi bila kuharibika. Kogo, ndivyo tulivyomwita nyanya, aliamini hakuna chombo duniani kisichoweza kutakaswa hivyo. Nami nilimwamini, maana kuhusu maziwa alikuwa hajawahi kukosea. Kuhusu baruti, hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa kupima majani ya chai katika kituo kimoja cha kununulia huko Konoin, kijana wa miaka ishirini na mbili ambaye hakuweza kulala kama kalamu zake hazijalingana mezani. Meneja mmoja wa shamba la chai upande wa Kericho, Mzungu mzee, alikuwa anarudi kwao, na vitu vya nyumba yake vikapigwa mnada uwanjani. Watu wenye akili walinunua magodoro, taa na friji. Mimi nilinunua kasha la mbao ambalo hakuna mwingine aliyeinua mkono kulitaka.

Ndani lilikuwa limetandikwa kitambaa cha kijani chenye vyumba vidogo, kila kimoja kwa umbo la kitu chake. Kulikuwa na kibuyu cha baruti cha shaba chenye picha ya mbwa wakimkimbiza paa, kalibu ya kumiminia risasi iliyoyeyushwa, spana ndogo isiyozidi kidole, na kopo la fataki, vile vikofia vya shaba vinavyolipuka vikigongwa. Katikati palikuwa na nafasi kubwa yenye umbo la bastola. Bastola yenyewe haikuwapo.

Mtu wa kawaida angeona kasha zuri la kuwekea sindano na nyuzi. Mimi niliona kidonda. Kila jioni nililifungua, nikaitazama ile nafasi tupu, nikalifunga nikiwa mgonjwa kidogo.

Niliamua kujisomea. Sokoni Kericho nilipata kitabu cha Kiingereza cha silaha za karne ya kumi na tisa, bila jalada. Kilinifundisha kwamba bastola hizo zilikuwa na silinda ya matundu sita. Kila tundu ulilimiminia baruti, ukashindilia risasi, kisha ukavisha fataki kwa nyuma. Ilikuwa njia ndefu sana ya kufanya jambo la haraka, na nadhani maadui wa siku hizo walikuwa watu wa subira. Sura ya kusafisha na kutunza haikuwapo. Muuza njugu alikuwa ameshaichana kufungia njugu, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda baadaye, njugu zile zilikuwa ghali mno.

Kukusanya bastola nchini Kenya ni kama kufuga simba. Unaruhusiwa kuipenda ukiwa mbali. Kwa hiyo nilijiita mkusanyaji wa vifaa vya bastola, cheo ambacho sikumtajia msichana yeyote.

Kisha siku moja mzee mmoja wa Mogogosiek, aliyeleta majani kituoni kila wiki, alinikuta nikichora lile kasha nyuma ya daftari. Akainama juu ya mizani.

"Hiyo sanduku umeona wapi?"

"Ni yangu, mzee. Nilinunua kwa mnada."

"Mimi ndiye nilikuwa mpishi wa hiyo nyumba," akasema. "Miaka ishirini nimepangusa hiyo vitu kila Jumamosi. Na bunduki yake ndogo iko kwangu."

Niliandika kilo zake mara mbili, nikafuta, nikaandika tena.

Alinieleza taratibu huku foleni ikilalamika nyuma yake. Bwana alimpa bastola hiyo kama zawadi ya kustaafu, mdomo ukiwa umezibwa kwa risasi ya kuyeyushwa na kigongeo kimeng'olewa. Mzee aliipeleka kituo cha polisi mwenyewe. Wakaigeuza, wakacheka, wakamwandikia barua kwamba ni chuma tu. Sasa mke wake aliitumia kuzuia mlango wa jikoni.

"Leta sanduku Jumapili baada ya kanisa," akasema. "Nikiona kila kitu iko pahali pake, vile niliacha, hii nayo itarudi kwa nyumba yake."

Vile niliacha. Mtu mwingine angesikia kwamba asiguse kitu. Mimi nilisikia kwamba ning'arishe.

Jumamosi nilianza asubuhi. Kalibu na spana zilikubali kitambaa na mafuta kidogo. Kibuyu kilinisumbua. Nilifungua skrubu za shingo, nikakigonga, ukatoka unga mweusi nikaumwaga nyasini. Mwingine ulikuwa umegandamana chini. Nilijua kabisa ni baruti. Kitabu kilisema hivyo. Lakini nilijiambia kwamba kitu cha zaidi ya miaka mia lazima kiwe kimeoza, kwa sababu unga wa mahindi haumalizi hata msimu. Hayo ndiyo matunda ya kujifundisha mwenyewe: mwanafunzi na mwalimu wanakuwa wajinga kwa kiwango kimoja.

Nikaingia jikoni kwa Kogo, nikachukua kijiti cha senetwet kilichokuwa tayari kwenye moto, nikakitumbukiza.

Sikusikia mlipuko. Nilisikia pumzi kubwa, kama ng'ombe anayekohoa, kisha jikoni kukawa kweupe. Moshi ulipopungua nilikuwa nimekaa sakafuni, kibuyu kimepasuka kando kwenye kiungo chake, mbwa wote wameungua na paa hajulikani alikoenda.

"Umekufa?" Kogo akauliza kutoka mlangoni.

"La, Kogo."

"Basi toka hapo, unaingizia mursik moshi mbaya." Akanitazama vizuri. "Na nyusi umepeleka wapi?"

Nilishika uso. Hazikuwapo.

Alasiri hiyohiyo nilimkimbilia fundi wa sufuria. Alikiziba kibuyu kwa risasi nyingi kiasi kwamba kingeweza kuchemshiwa chai. Nikakipaka rangi ya viatu ya kahawia. Nyusi nazo nilijichorea kwa mkaa, nikafuta, nikachora tena, kwa sababu wa kushoto ulikuwa juu kuliko wa kulia. Nilirudia mpaka giza likaingia, huku nikijizoeza uongo mbele ya kioo, maana uongo nao niliutaka usiwe na kasoro.

Jumapili mzee alinipokea kwenye baraza. Mke wake alileta chai, kisha akaenda kuondoa bastola mlangoni, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa kishindo. Akaiweka mezani mbele yangu. Ilikuwa nzito, nyeusi, yenye silinda ya matundu sita na mpini wa mbao uliochakaa pale mikono ilipozoea kuushika. Sijawahi kutamani kitu hivyo. Nilianza kutoka jasho, jambo baya kwa mtu mwenye nyusi za mkaa.

Mzee alifungua kasha na kutoa kitu kimoja kimoja. Alitikisa kichwa kuikubali kalibu. Akaipenda spana. Akahesabu fataki kwa macho. Kisha akachukua kibuyu, akakipima kwa mkono, akakipeleka puani.

"Hii imeungua."

"Waliniuzia hivyo, mzee," nikasema. Sauti ilitoka safi kabisa, kama nilivyoifanyia mazoezi. "Kwa mnada ilikuwa hivyo hivyo."

Akainua macho kunitazama. Kitu chenye joto kilikuwa kikiteremka kando ya jicho langu la kushoto.

"Na hizo nyusi," akasema, "nazo waliuza hivyo kwa mnada?"

Mke wake alicheka mpaka akashika nguzo. "Mwanangu, pangusa uso," akaniambia, akinirushia kitambaa. "Unatisha kuku."

Nikapangusa. Nikasema yote: senetwet, fundi, rangi ya viatu, hata kioo. Mzee alisikiliza akikizungusha kile kibuyu, na nilipofika kwenye kaa jekundu aliacha kukizungusha.

"Kumbe ilikuwa na baruti ndani," akasema polepole. "Bwana aliniambia nipanguse nje tu, na kitambaa kavu. Nisifungue. Miaka ishirini nikaona ni maringo yake." Akageuka kwa mke wake. "Na mimi nilikuwa naipangusia karibu na stovu."

Walicheka wote wawili. Nami nikacheka, kwa haraka mno, nikidhani nimesamehewa. Niliinua mkono kuelekea bastola.

Mzee aliivuta upande wake.

"Kuungua hata mimi ningeweza kuunguza," akasema. "Lakini niliuliza swali, ukanijibu na uso wa kuchora. Hii ibaki."

"Mzee, nitaitunza..."

"Najua utaitunza. Hiyo ndiyo shida. Utaitunza mpaka iishe."

Mke wake alinisubiri nimalize chai, akachukua bastola na kuirudisha kwenye mlango wa jikoni. Nilibeba kasha langu kwa miguu mpaka kituoni, nafasi ya katikati ikiwa bado tupu.

Nyusi ziliota. Bastola sikupewa, wala sikuiomba tena. Siku hizi nina vibuyu vitatu vya baruti na kalibu mbili. Navipangusa nje tu, kwa kitambaa kikavu, na mtu akiniuliza ni nani aliyeharibu kile kimoja, namwambia ni mimi.