Sababu ya Safari: Kutembea

Miaka ile ya ruksa kila kitu kiliruhusiwa: mitumba, video, maduka ya watu binafsi mpaka vichochoroni. Nilichonyimwa ruksa mimi ni kutembea.

Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali Dodoma, nakaa Makole, mtalaka wa miaka arobaini. Nikaomba likizo bila malipo. Kwenye fomu, penye sababu ya safari, nikaandika: kutembea. Mkuu wangu akanirudishia. Akasema hiyo si sababu. Niandike matibabu, au kwa kuwa nakwenda nchi za Waarabu, niandike hija, atasaini hapo hapo. Nikamwambia sitamsingizia Mungu kwa ajili ya sahihi yake.

Kaka yangu mkubwa kule Kondoa, aliyenilea tangu baba alipofariki, alilipokea neno lile vibaya zaidi. Mwanamke akisemwa kwamba anatembea, ni habari nyingine kabisa. Aliposikia nimeuza kiwanja changu cha Chang'ombe ili nikazunguke nchi za watu, akasema nikiondoka nisirudi kumwamkia. Iliniuma, maana sina kwetu kwingine.

Lakini sababu nilikuwa nayo. Zaidi ya miaka mia sita iliyopita, Mwislamu mmoja wa Tanja, huko Moroko, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji, kisha akaendelea tu kutembea mpaka akafika Kilwa. Tukampokea. Tangu niliposimuliwa habari zake shuleni nilikuwa nikijiuliza ni nani wa kwetu aliyekwenda kumrudishia ziara. Basi nikaongeza herufi mbili kwenye ile fomu: kutembelea. Mkuu akauliza namtembelea nani. Nikasema mgeni wetu wa zamani. Akasaini, nadhani kwa kunichoka.

Nilianzia Misri, nikaifuata njia yake kinyume, kwa mabasi na kwa miguu, mji mmoja wiki mbili, mwingine mwezi. Libya basi liliharibika. Akina mama wa nyumba ya jirani wakaniita kula, wakauliza mume wangu yuko wapi. Nikasema sina. Wakaniongezea mkate. Tunis nilipanga chumba kwa mjane mmoja, tukawa tunapika pamoja bila kuelewana lugha. Algeria ilikuwa vitani. Nikalazimika kuiruka kwa ndege, na nilinuna njia nzima kwa kudhulumiwa kipande cha safari yangu.

Tanja wakanionyesha kaburi wanalosema ni lake, kwenye kichochoro chembamba. Nikatoa salamu ya Kiislamu. Kisha, kwa kuwa ni mkubwa wangu kwa karne sita, nikaongeza shikamoo. Nikalia, wala sioni aibu kusema.

Niliporudi nilikwenda moja kwa moja Kondoa. Kaka alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nikamwamkia. Akaendelea kupukuchua. Nikatua mzigo.

"Kaka, nimemwamkia maiti kule Tanja hakuitika, nikamsamehe. Wewe ni mzima. Shikamoo."

Nikabaki nimesimama juani. Akamaliza gunzi lile, akachukua jingine, akalimaliza nalo.

"Marahaba," akasema, bila kuniangalia. "Na siku zote hizo ulikuwa wapi?"

Nikavuta ungo, nikakaa karibu yake.

"Nilikuwa natembea."