Kahawa za Kutafuna Mfukoni Mwangu

Juu ya kabati la vyombo nyumbani kwangu Ijuganyondo kuna kopo la maziwa ya unga ambalo halina maziwa. Ndani yake mke wangu alikuwa anaweka kahawa za kutafuna, zile tunazoziita kamwani, alizozitoa kwenye mifuko ya suruali zangu kila alipofua. Alifanya hivyo kwa miaka na hakuniambia. Siku aliponionyesha, kopo lilikuwa limekaribia kujaa, na nyingine zilikuwa zimepauka kwa sabuni.

Kwa asiyejua mambo ya kwetu, kamwani ni buni zinazochumwa kabla hazijaiva, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa juani mpaka zikakauka. Mgeni akiingia kwa Mhaya analetewa kwenye kikapu kidogo kabla hajaulizwa shida iliyomleta. Anachukua chache, anatafuna, anakaa. Hapo ndipo maneno yanaanza. Mimi nilikuwa nachukua mbili, naziweka mfukoni, nasema nitatafuna njiani. Gari nilikuwa nimeliacha nje linaunguruma.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Mimi ni fundi wa mageti. Ukipita Bukoba mjini ukaona geti ambalo halijapinda, linalofunguka kwa kidole kimoja, ama nimelitengeneza mimi ama limetengenezwa na mtu niliyemfundisha mimi. Shule niliishia darasa la tano. Lakini wenye vyeti vyao wanakuja karakanani kwangu Miembeni kuniuliza vipimo, nami nawajibu bila kushika kalamu. Nyumba nimejenga, watoto nimesomesha, pikapu ninayo. Nilipenda kusema kwamba hakuna aliyenishika mkono, ni mimi na saa zangu. Saa zangu nilizijua kuzitumia.

Mlango wa karakana ni wa bati nene jeusi. Kila asubuhi naandika juu yake kwa chaki kazi za siku nzima, mstari kwa mstari, saa kwa saa. Mke wangu kwa upande wake anasali kabla ya chai, sala fupi ambayo haibadiliki: Bwana, siku hii ni yako, utuonyeshe pa kuitumia. Mimi nilikuwa nasema amina huku nafunga kamba za viatu. Siku moja alipita karakanani, akausoma mlango wote kutoka juu mpaka chini.

"Mzee, na Mungu umempa mstari wa ngapi?"

"Mungu ana Jumapili yake."

"Jumapili iliyopita ulikuwa unafunga geti la padri."

"Hiyo si kazi ya Mungu?"

Alicheka akaenda zake. Nikajiona nimeshinda.

Mwaka jana binti yetu mkubwa alipata mchumba, tukaanza kupanga sendofu. Kwetu, siku binti anapoagwa, shangazi yake ndiye anayekaa naye chumbani, anamwambia ya kumwambia, na ndiye anayemshika mkono kumtoa mbele ya watu. Dada ninaye mmoja tu, mkubwa wangu, mjane, anaishi Izigo kwenye kibanja cha baba yetu, yaani lile shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba. Nilimtumia ujumbe kwa simu: siku fulani, gari litakufuata. Hakujibu. Nikatuma tena. Kimya.

Binti yangu hakupiga kelele. Alisema tu, "Baba, shangazi asipokuja sitoki chumbani. Watakula pilau watarudi kwao." Namjua. Ana kichwa changu.

Hapo ndipo mke wangu alipoliteremsha lile kopo, akaliweka mbele yangu mezani. "Unamsubiri dada yako akujibu," alisema. "Haya ni majibu uliyompa wewe. Kila moja hapa umeipata umesimama mlangoni kwake."

Nikasema nitapanga siku ya kwenda. Niliandika mlangoni, chini kabisa: Izigo. Kila jioni nilifuta mistari ya kazi zilizokwisha, na Izigo ikabaki. Ilibaki siku nyingi mpaka ikaonekana kama ilipakwa pamoja na rangi ya mlango.

Zilikuwa zimesalia wiki mbili kabla ya sendofu nilipopata barua kutoka shule moja ya binafsi huko Muleba. Walikuwa wanajenga ghorofa na walitaka mafundi wa madirisha ya chuma wafike kwenye kikao. Barua ilikuwa ya Kiswahili, imeandikwa: Muda, saa 2:00 PM. Nikaisoma kama mtu mwingine yeyote angeisoma, saa mbili. Zile herufi mbili pembeni nilidhani ni kifupi cha jina la mkuu wa shule.

Siku hiyo mke wangu alisali sala yake, nikasema amina, nikavaa suti, nikatoka Bukoba alfajiri. Nilifika kwenye geti la shule saa mbili kasoro dakika kumi. Geti lenyewe lilikuwa limelegea bawaba, nikafurahi, maana niliona kazi nyingine hapo. Mlinzi alikuja anafuta mikono kwenye koti.

"Nimekuja kwenye kikao cha mafundi," nikamwambia.

"Kikao ni saa nane, bosi."

"Barua inasema saa mbili."

Akaichukua, akaisoma kwa makini, akaniwekea kidole kwenye zile herufi. "Hii hapa ni mchana, bosi. Hii mbili ni ile ya kwenye saa ya ukutani." Halafu, kwa heshima kabisa, akaongeza, "Ila umewahi. Hata mkuu wa shule hajaamka."

Nilirudi kwenye gari nikakaa. Kurudi Bukoba na kuja tena kungekula muda wote barabarani. Kwa mara ya kwanza tangu niwe mtu mzima nilikuwa na saa sita ambazo sikuwa nimeziandikia kitu. Nilizishika kama mtu aliyekabidhiwa mtoto asiye wake. Nikafungua simu, nikaifunga. Ndipo nikakumbuka kwamba asubuhi ile nilikuwa nimesema amina. Siku hii ni yako, utuonyeshe pa kuitumia, nami nikaitikia kwa mdomo wangu. Na Izigo nilikuwa nimeipita njiani muda si mrefu, bila kugeuza shingo.

Nikawasha gari, nikarudi nilikotoka.

Dada nilimkuta uani, ameketi juu ya mkeka anapindua kamwani zilizoanikwa. Alisikia gari na hakuinua kichwa. Nikazima injini. Nadhani ule ukimya ndio uliomgeuza.

"Limeharibika?" aliuliza.

"Nini?"

"Gari. Sijawahi kulisikia limenyamaza hapa."

Nilimwamkia kwa Kihaya, nikainama kama inavyompasa mdogo mbele ya mkubwa. Aliitikia, akaniangalia kuanzia viatu.

"Na hiyo suti, nani amefariki?"

"Hakuna. Nina kikao Muleba."

"Basi wahi."

"Ni saa nane."

Akatazama jua, akanitazama mimi. "Saa nane ya leo?"

Ikabidi nimweleze habari ya barua na zile herufi. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Shule uliikimbia wewe mwenyewe," alisema, "leo imekukamata." Akaingia ndani, akatoka na kikapu kidogo. Nikachukua kamwani mbili, na mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Naapa sikuutuma.

"Mwana waitu," akaniita. Ndivyo tunavyoitana tuliozaliwa nyumba moja. "Mdomo uko juu kidogo ya hapo."

Nikatafuna. Uchungu kwanza, halafu harufu ya yale majani, halafu utamu mdogo ambao huupati ukiwa na haraka. Nikakaa kwenye kigoda. Nikakohoa.

"Dada, ule ujumbe niliokutumia..."

"Migomba yangu imejaa majani makavu," akanikatiza, na akanipa kisu.

Nilivua koti nikalitundika kwenye mti wa kahawa, tukaanza kazi, yeye mstari huu, mimi ule. Mikono haikuwa imesahau. Nilipoona mambo yanakwenda, nikaanza kumsimulia kazi ya Muleba, ghorofa nzima, madirisha kila upande, na jinsi nilivyotoka mbali bila kushikwa mkono.

"Bila kushikwa na nani?"

"Na mtu yeyote."

"Haya." Akakata majani mawili. "Ulipokuwa unatoroka kwenda Kemondo kumtazama yule fundi anachomelea, siku mbili kila wiki, sehemu yako ilikuwa inapaliliwa na nani?"

Nikasimama na kisu changu. Sikuwa nimelificha jambo hilo miaka yote. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Baba alikuwa mkali wa kupalilia, alitugawia kila mmoja sehemu yake, na jioni nilirudi natetemeka nikakuta hakuna kesi.

"Nilidhani baba hakuwa anakagua," nikasema.

"Baba alikuwa anakagua sana."

Akahamia mgomba uliofuata. Miaka yote nilijisifu kwamba nilianza na saa zangu, kumbe nilianza na zake. Yeye alikuwa na sehemu yake, akamaliza, akaingia ya kwangu, na jua lilikuwa lilelile.

Tulipofika mwisho wa mstari alinyoosha mgongo. "Mume wangu ulimzika, sikatai," alisema polepole. "Ulitia udongo, ukanawa mikono, ukaondoka kufunga geti la mtu. Watu wakaniuliza, ndugu yako yuko wapi. Nikasema anakuja. Siku zote za matanga nilikuwa nasema anakuja."

"Nisamehe, dada."

"Sijakuambia uombe msamaha. Nakuambia nilichokuwa nasema."

Tukarudi uani. Akamenya ndizi, akapanga kwenye sufuria na maharage, akafunika kwa majani ya mgomba. Nilitazama simu. Ilikuwa imekaribia saa saba.

"Zitaiva saa ngapi?" nikauliza.

"Zitaiva zikiiva. Pengine saa nane."

Aliniangalia tu, hakunibembeleza nikae. Nilijua vizuri kilichokuwa mbele yangu. Nikiondoka na njaa, nitakuwa nimesimama mlangoni kwa mara nyingine, tofauti ni kwamba safari hii nimesimama kwa muda wa saa nne. Na kule Muleba kulikuwa na kazi ambayo fundi hupata mara moja, nami nilikuwa na hakika hakuna wa kunishinda. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Nilijiuliza jambo moja tu: zile saa sita sikuzipanga mimi, alizipanga nani? Na kama ndiye aliyenileta hapa, mbona nimpokonye usukani zikibaki dakika za ndizi kuiva?

Nikapiga simu shuleni, nikasema leo sitafika. Mwandishi wa ofisi akaniambia, "Kikao hakirudiwi, mzee. Wenzako wamekwisha kufika."

"Naelewa, mama. Wasalimie."

Dada alikuwa ameacha kuchochea moto. "Unaacha kazi kwa ajili ya ndizi?"

"Kwa ajili ya ndizi."

"Basi uzimalize."

Nilizimaliza. Tulikula chini, kwenye jani moja, na tukazungumza mambo ya kawaida kabisa: mti wa kahawa uliozeeka, jirani anayeng'ang'ania kupanda mikaratusi, meno ya dada yanayomsumbua. Sendofu sikuitaja tena. Nilikuwa nimekuja kumwomba aje, na sasa niliona haya kumwomba.

Nilipoinuka kuondoka alinisindikiza mpaka kwenye gari. Akachota kamwani mkono mzima, akafungua mwenyewe mfuko wa koti langu, akazimimina humo.

"Hizi si zako," alisema. "Ni za mwanangu. Mwambie atafune moja kila siku. Zikibaki mbili, nitakuwa nimefika."

Nyumbani mke wangu hakuniuliza habari za kikao. Aliingiza mkono mfukoni kwa mazoea, akakuta mfuko umejaa, uso ukamsawijika. Akanyoosha mkono kulifikia kopo.

"Hizo si za kopo," nikamwambia. "Mwite binti."

Kazi ya Muleba aliipata fundi mwingine. Nimekwenda kuyaona madirisha hayo. Si mabaya. Yangu yangekuwa mazuri zaidi, na hilo nalisema bila majivuno, ni vipimo tu. Nilinung'unika siku mbili tatu, nisiseme uongo. Lakini dada alifika siku mbili kabla ya sendofu, kama alivyosema, na kikapu chake kichwani. Siku yenyewe, wageni wa upande wa bwana harusi walipoanza kutazama saa, aliwapitishia kamwani kwanza, mmoja mmoja, akasimama mbele ya kila mmoja mpaka alipomwona anatafuna. Mshereheshaji alijaribu kuziweka mfukoni. Niliona kwa macho yangu dada akimwelekeza mdomoni.

Mlango wa karakana bado nauandika kila asubuhi, na bado ni mimi ninayejua kupanga kazi kuliko yeyote pale Miembeni. Ila sasa naacha mstari mmoja mtupu, tena katikati, sio chini. Siku nyingine unabaki mtupu mpaka jioni tunapofunga. Siku nyingine anatokea mtu, nami naacha nilichoshika, navuta kigoda, namwambia karibu ukae.