Noti Kutoka Jikoni

Nilianza kujifunza vayolini nikiwa tayari nina wajukuu. Baridi ya Iringa iligandisha vidole, na kila wimbo niliuharibu. Mume wangu, aliyeimba besi kwenye kwaya ya kanisani tangu ujana, alikuwa akiota moto jikoni na kunisahihisha kwa sauti kubwa: "Mama, hapo ni so, siyo fa!"

Nilikuwa nawaka. "Baba, niache nikosee kwa raha zangu!"

Anacheka, halafu anarudia.

Tulimzika kwao Kilolo, mahindi yakiwa bado mabichi. Siku hizi wimbo ule aliokuwa akinisahihisha naupiga wote bila kosa. Jana, nilipofika kwenye ile so, nilipiga fa makusudi. Nikashusha upinde, nikageukia mlango wa jikoni, nikangoja.