Bastola, Bunduki na Mbuzi wa Yiti

Binti yangu aliponialika Marekani kuwinda elki, nilimjibu kwamba nitakuja, ila bunduki sishiki, nitatumia bastola. Halafu akasema, "Baba, elki ana ukubwa wa farasi." Nikamwambia najua, picha zake nimeziona.

Kwa asiyemjua, elki ni jamaa wa paa, mwenye pembe zilizotanuka kama matawi ya mti mkavu, na makazi yake ni misitu ya milima ya baridi. Watu humwinda kwa bunduki, wakiwa mbali naye, hatua mia mbili na kuendelea. Wapo wachache wanaomwendea kwa bastola, na sheria ya jimbo anakokaa binti yangu inawaruhusu, lakini hao ni watu walioshazowea kuwinda mpaka wakachoshwa na njia ya kawaida. Mimi sikuwahi kuwinda hata njiwa.

Ilibidi nitoe sababu, nikatoa mbili. Ya kwanza ilikuwa bega: bunduki ina teke, na bega langu la kulia lina miaka sitini na tatu, sawa na mwenyewe. Ya pili ni kwamba bastola naijua. Zama za ujana wangu wizarani, pale Maskati, tulikuwa na timu ya shabaha, na kabatini nina vikombe viwili ambavyo mke wangu huvipangusa vumbi huku akiguna. Bunduki imenitia aibu mbele za watu. Siku ya harusi ya huyuhuyu binti, wakwe zetu, watu wa milimani huko ndani ya Oman, waliweka shabaha kama ilivyo ada yao. Kila mwanamume husogea mbele peke yake, wengine wote wakabaki nyuma wanamtazama, naye akapiga. Nilipiga mara tatu. Risasi ya kwanza iliupiga mlima, ya pili ikaupiga mlima, na ya tatu mpaka leo hatujui ilikwenda wapi. Mzee mmoja wa upande wao akanipoza kwa kusema kwamba sisi tuliotoka Zanzibar Mungu katujaalia kwenye mapishi. Nikacheka pamoja nao, na biriani yao nikaila kwa hasira.

Sababu zote mbili zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa sababu. Nilichokitaka mimi ni kutwa moja na mwanangu, mimi na yeye tu. Ana miaka minne kule, yeye na mumewe ambaye ni daktari. Akija likizo hugawanywa kama halua ya sikukuu: shangazi zake wana sehemu yao, mama yake ana sehemu yake, mashoga zake wanakuja na gari kumchukua. Mimi hubakiwa na ile safari ya kutoka uwanja wa ndege mpaka nyumbani, na hata hapo mama yake ndiye anayezungumza. Nikimpigia simu namuuliza kama kabadilisha mafuta ya gari. Sisi akina baba wa kwetu ndivyo tulivyolelewa, mapenzi yetu yote tunayapitishia kwenye injini.

Sasa, kulikuwa na picha aliyonitumia mwaka wa kwanza alipoanza kuwinda. Amekaa juu ya jabali, kajifunga mtandio na juu yake kavaa kofia ya sufu, bunduki iko mapajani, na pembeni yake hamna kiumbe. Niliitazama picha ile nikafanya hesabu zangu. Wenye bunduki, nikajiambia, kila mtu na jabali lake, kama siku ile ya harusi kila mtu na zamu yake. Nitapakiwa kwenye ndege kwa muda wa saa ishirini nikakalishwe kilimani peke yangu na baridi, na yeye awe kilima cha pili. Mwenye bastola ni lazima amkaribie mnyama, na kumkaribia ni kutembea, na mimi porini sijui kushoto wala kulia, kwa hiyo atanitembeza yeye, mti kwa mti, kutwa nzima. Nikaona nimefikiri vizuri sana. Mke wangu nilimwambia habari ya bega tu, naye akauliza kama huko Marekani hakuna bucha.

Nikaanza mazoezi. Mara mbili kwa wiki nilikwenda uwanja wa shabaha, nikagundua kwamba mkono haujasahau. Halafu nikataka kuzowea umbo la mnyama, nikaenda Wadi Kabir kwa seremala mmoja, kijana wa Kikenya, nikampa picha na vipimo anikatie elki wa mbao. Aliitazama picha kwa muda.

"Mzee, mimi kwetu ni karibu na mbuga," akasema. "Nimekua nikiona wanyama. Huyu simjui."

"Huyu ni wa Marekani."

"Sawa. Lakini hizi pembe hazitaingia kwa pikapu yako."

Kweli hazikuingia. Tulimfunga kwa kamba, pembe zikaning'inia nje, na barabara nzima watu walinipigia honi. Nikamsimamisha juu ya dari ya nyumba, nikawa namlengea kwa kidole kutoka upande wa pili ili nizowee masafa. Jirani yangu alikuja baada ya swala ya alasiri kuniuliza kwa adabu kama yule ngamia ana maradhi.

Binti akaja wakati wa Idi. Siku ya tatu, wageni walipopungua, akanikalisha na vikombe viwili vya chai ya karak akaniambia maneno aliyokuwa kayaweka tangu siku ya simu.

"Baba, nisikilize. Mie sikukatalii. Lakini ukimpiga vibaya atakimbia na risasi mwilini, atakufa baada ya siku mbili, na sisi hatutamwona. Hiyo dhulma, na mie ndiye nitakayekuwa nimekupeleka."

"Mie sitampiga vibaya."

"Basi nionyeshe. Sinia, hatua arubaini, risasi tano. Halafu tutakwenda kijijini Yiti, umfikie mnyama hatua thalathini na yeye hajakujua. Ukiweza, bastola. Ukishindwa, utashika bunduki na bega tutalifunga mto."

Nilikubali palepale. Kwenye sinia sikuwa na wasiwasi, na kweli, asubuhi ya pili pale uwanjani nililitoboa mara tano, na matundu manne ungeweza kuyafunika kwa kitumbua kimoja. Binti yangu akalitazama lile sinia kwa muda mrefu, akasema, "Mashallah, Baba," bila furaha niliyoitarajia. Nilidhani ni mtu anayechukia kushindwa, maana hilo kalirithi kwangu.

Tukaenda Yiti mchana uleule, mikono mitupu. Kuwinda kwetu hakuruhusiwi, na mbuzi niliowakusudia walikuwa wa binamu ya mke wangu. Mbuzi wake hawa si wale wanaolala chini ya magari mjini. Wanashinda kwenye miteremko nyuma ya kijiji na mtu hawamtaki karibu. Makubaliano yalikuwa nipande, nimfikie mmoja hatua thalathini, ninyooshe kidole, nitaje jina la Mungu kama inavyompasa mwenye kuwinda ili nyama iwe halali, kisha nibane kidole. Mbuzi akiwa bado anakula, nimefaulu. Binti akabaki chini kwenye kivuli cha gari na darubini yake.

Nilipanda kwa adabu zote. Upepo niliuweka usoni, viatu nilivivua, nikatambaa nyuma ya jabali mpaka nikamwona beberu mweusi anatafuna mgunga. Nilihesabu: hatua ishirini na tano. Nikanyoosha kidole. Nikasema bismillahi.

Beberu akaondoka, na ukoo wake wote ukamfuata.

Hapa ni lazima nimtaje bibi yangu aliyetulea, Mungu amrehemu. Alikuwa na sikio zito, na bismillahi asiyoisikia yeye aliihesabu haikusemwa, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Wajukuu saba tulikula mbele yake tukipiga bismillahi kama muadhini. Ulimi wangu haujui nyingine. Jaribio la pili nilijitahidi kuipunguza, ikatoka ileile. La tatu niliuma midomo, ikatokea puani na bado mbuzi aliisikia. Na mbuzi wa Oman, nakwambia, neno hilo analijua, na anajua kinachofuata. Kufika la tano hata hawakungoja nilimalize. Waliniona nimevuta pumzi, wakaondoka zao.

Nilishuka na miiba miguuni. Binti yangu alikuwa amekaa chini, kaegemea tairi, machozi yanamtoka kwa kucheka. "Nilikusikia mpaka huku," akasema. "Mara zote tano."

"Itasemwa moyoni."

"Huwezi, Baba. Na mwenye bunduki aseme atakavyo, elki yuko ng'ambo ya bonde, hasikii."

Nilikaa karibu naye nikaanza kung'oa miiba. Sikuwa na hamu ya kucheka. Kule juu, katikati ya jaribio la tatu na la nne, nilikuwa nimegeuka kumtafuta nikaona kidoa kidogo kando ya gari, na nikahisi upweke ambao sikuutia kwenye hesabu zangu.

"Basi, khalas," nikasema. "Bunduki. Utanikalisha kwenye jabali langu nawe uende lako."

Akaacha kucheka. "Jabali lako lipi?"

Nikamkumbusha ile picha. Nilimweleza yote, kila mtu na kilima chake, na kutembea mti kwa mti, na kwamba sikuona njia nyingine ya kumpata kutwa moja bila shangazi zake. Niliyasema haya nikiutazama unyayo wangu, maana mwiba mmoja ulikuwa umekataa kutoka.

"Baba," akasema, "kwenye picha ile nilikuwa peke yangu kwa sababu sikuwa na mtu wa kukaa naye. Kazi ya mume wangu haimpi nafasi. Wenye bunduki hukaa wawili. Mmoja anashika darubini, mmoja bunduki, bega kwa bega, tangu alfajiri mpaka magharibi. Wanakula pamoja, wanasali pamoja. Mwenye bastola ndiye anayekwenda peke yake. Wawili hawanyatii, wanasikika. Ningekuacha nikungoje kwenye gari, kama hivi leo."

Akauchukua mguu wangu, akauweka juu ya goti lake, akautafuta mwiba kwa kucha.

"Uliponambia bastola," akaendelea, sauti imeshuka, "nilijua hutaki nikae nawe. Nikasema bas, baba anapenda kuwa peke yake, ndivyo alivyo. Nisimlazimishe."

"Tangu siku ya simu?"

"Tangu siku ya simu."

Hiyo ni miezi mitano. Nikamwambia kwamba mimi ni mjinga, na yeye hakunipinga. Mwiba ukatoka, akaurusha kule kwenye mawe. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akanionyesha picha ya bastola yenye mtutu mrefu na kishikio cha mbao, imelazwa juu ya kitambaa safi.

"Ya mzee mmoja wa kazini kwetu," akasema. "Alikuwa haazimi mtu. Nimemwomba akuazime wewe tangu wiki ile ile uliponambia bastola, mpaka akakubali."