Bodi Sita Zilizohukumiwa Kuungua

Mtunza maabara wa chuo cha ufundi alikuwa na miaka kumi na tisa kazini, na katika miaka hiyo alikuwa amewadharau wakuu wa idara wanne. Wa tano, aliyetaka hata mfagizi amwite Daktari, aliwapita wote bila kutoka jasho. Huyo alimwita yeye "mama wa funguo", kana kwamba kazi yake ni kufungua mlango na kupisha.

Siku ya kwanza ya somo la mota, Daktari alipanga mezani bodi sita mpya za kuendeshea mota, akawasha umeme. Hakuna mota iliyozunguka. Kwenye kila bodi ikawaka taa ndogo nyekundu, ile ya hitilafu. Daktari akawahutubia wanafunzi dakika arobaini kuhusu joto, sumaku na tasnifu yake, kisha akatangaza kwamba bodi zimeungua. Zote sita, kwa mpigo, na hata moshi hakuna.

Mtunza maabara aliliona kosa akiwa bado mlangoni. Kila bodi ilikuwa na pini tatu na kikofia cha plastiki, jampa, cha kuunganisha mbili kati ya hizo. Kikikaa kushoto, bodi inakula umeme wa waya wa kompyuta, volti tano tu. Kikikaa kulia, inapata ishirini na nne, ambazo ndizo mota inazitaka. Vyote vilikaa kushoto, kama vilivyotoka kiwandani. Taa zilikuwa zinalia njaa. Kitabu cha maelezo kilieleza hayo ukurasa wa nne, nacho Daktari alikigeuza kisahani cha chai.

"Daktari, hebu tazama hizo jampa," alisema.

"Mama, hapa tunaongea kitaalamu."

Basi akafyata mdomo. Alipoamriwa azipeleke bodi stoo ya vyombo vibovu, alizibeba kwa raha zake. Wiki mbili wanafunzi walichora mota kwenye madaftari, naye akakaa kwenye kigoda chake akimtazama bingwa yule akipaka chaki suti.

Alhamisi, nyumbani, alimsimulia mdogo wake kisa kizima, na mwendo wa Daktari akauigiza. Mdogo wake alicheka hadi akashika mbavu, kisha akauliza mtihani wa wanafunzi ni lini.

"Jumatatu."

"Basi dada, wewe na yeye lenu moja."

Ijumaa asubuhi alizirudisha bodi, akasimama mbele ya darasa bila kumtupia Daktari jicho, akahamisha jampa moja baada ya nyingine. Taa nyekundu zikazimika, mota zikazunguka. Aliwaomba wanafunzi radhi kwa kuchelewa kwake, akawafundisha hadi jioni.

Daktari alikohoa, akasema bodi zikipumzishwa huwa zinapona zenyewe. Hakuna aliyeandika.

Katika ripoti ya muhula alijaza kwamba zilitengenezwa chini ya usimamizi wake. Karani alimwonyesha mtunza maabara karatasi hiyo, akitegemea atafoka. Aliisoma, akairudisha. Alisema kwa mtu wa aina ile, kuandika sentensi nzima bila kukosea herufi ni hatua kubwa, akaondoka zake kwenda kuwasimamia wanafunzi.