Uji Mweusi wa Lionja

Dada yangu alifariki akijifungua, kwa upungufu wa damu, na mama akabaki na mtoto wa kulea. Mtoto alipoanza kula, kliniki walitupatia pakiti za virutubishi. Muuguzi alieleza kwamba madini ya chuma, yanayoongeza damu, yamefunikwa ndani ya vipunje vya mafuta, vidogo kuliko unga, ili mtoto asisikie ladha yake. Tuvitie kwenye uji uliokwisha kupoa, maana moto huyeyusha yale mafuta.

Siyo kwamba mama hakusikia. Lakini tulipofika nyumbani Lionja, akavichemsha pamoja na uji.

"Mama, si umeambiwa usivipike?" nilifoka.

"Huku kwetu muhogo usioiva umeua watu," akajibu. "Mtoto wangu hali kitu kibichi."

Uji ukawa mweusi, ukanuka kama msumari wenye kutu. Mtoto akautema. Kwa hasira nikanyanyua bakuli nikaumwage. Mama akaninyang'anya, akakaa chini, akaunywa wote taratibu huku machozi yakimtoka.

"Dada yako angepewa huu," akasema, "angeunywa hivi hivi ulivyo."